Chungu Hugongwa, Hakitazamwi

Chungu hugongwa, hakitazamwi.

Mmemsikia yule mama kisimani akimwambia mwenzake, mkacheka, kisha mkanifuata niwaambie methali hiyo ilikotoka. Haya, kaeni. Watu siku hizi huitumia kwa mchumba, kwa ng'ombe wa mnadani, hata kwa mgombea udiwani, nami simkatazi mtu. Lakini haikuanzia huko. Ilianzia kwenye tumbo la mwanamke, katika kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, enzi nilipokuwa nazunguka na vyungu, nanunua huku nauza kule. Niliyoyaona kwa macho nitasema nimeyaona, na niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa.

Kule ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mwanamke aliyevuma kuliko wote alikuwa Subilaga. Alikuwa na sikio. Vyungu vikishatoka motoni na kupoa, hakuna kilichouzwa kabla hajakishika, akakining'iniza kwenye vidole vya mkono mmoja, na kukigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Kizima huitika kwa sauti ndefu, safi. Chenye ufa wa ndani, ambao jicho halioni, huitika kama mtu mwenye mafua. Hicho Subilaga alikivunja palepale mbele ya mnunuzi, hata kiwe kizuri namna gani. Ndiyo maana nilikuwa natoka mbali kuja kununua kwake, napita nyua za watu wengine bila kusimama. Wakinichukia, basi.

Mwanawe Gwakisa alimwoa Tusekile, binti wa kijiji cha juu. Msichana mrefu, mashavu yamejaa, mkono wake kwenye udongo mwepesi kama wa mama mkwe wake. Ila kila mwezi siku zake zilipofika alianguka. Hakuinuka kitandani. Alijikunja, akatapika, akauma shuka asisikike.

Wakasema ni chango. Wakampa mizizi achemshe. Wakasema kila mwanamke huumwa, yeye amedekezwa kwao. Wakasema akizaa litaisha, na alipokaa bila kuzaa wakapata la kusema zaidi. Zahanati walimpima malaria, wakampa vidonge vya maumivu. Akapigwa picha ya tumbo, ikaonekana safi. Picha ile ndiyo iliyommaliza. Tangu siku hiyo akilalamika huambiwa, "Si ulipigwa picha?"

Nilikuwapo siku mambo yalipopasuka. Ilikuwa siku ya kufukua vyungu kutoka majivuni, na wanunuzi tumejaa uani. Tusekile hakuwapo, alikuwa amelala nyuma ya nyumba. Subilaga akagonga chungu baada ya chungu, hasira inampanda, mpaka akaita kwa sauti.

"Tusekile! Wageni watakuja kukusalimu huko huko?"

Tusekile akaja, amejishika ukuta. Subilaga akatugeukia.

"Mtazameni, jamani. Ngozi inang'aa, shingo imenona. Huyu ni mgonjwa huyu? Gwakisa, kesho umrudishe kwa baba yake. Mwambie tuliomba mke, hatukuomba mgeni."

Gwakisa akainamisha kichwa. Alimpenda mkewe, lakini kumjibu mama yake hakuweza.

Hapo Tusekile akasogea taratibu mpaka kwenye vyungu vilivyotengwa vivunjwe. Akachukua kimoja kizuri sana, akakiweka miguuni pa mama mkwe wake.

"Mama, samahani. Chungu hiki kina nini?"

"Kina ufa."

"Uko wapi? Mbona siuoni?"

"Huwezi kuuona. Nimekigonga."

"Ulipokitazama ulikionaje?"

"Kizuri."

"Basi, Mama, chungu unakipigia hodi mpaka kikujibu. Mimi umenitazama tu. Tangu nimeingia nyumba hii hujawahi kuniuliza naumwa wapi."

Mwanamke mmoja, mdomo mrefu, akachomeka, "Kumbe naye ana ufa! Si avunjwe basi?"

Subilaga akamgeukia kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Chungu huvunjwa kwa sababu udongo hauna mganga. Mtu anaye. Funga bakuli lako." Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge, akamshika Tusekile bega. "Haya, mwanangu. Nakugonga. Unaumwa wapi?"

Tusekile akamnong'oneza sikioni, maana wanaume tulikuwapo. Alinong'ona muda mrefu. Nilimwona Subilaga akifumba macho. Alipoyafumbua alisema neno moja tu kwa mwanawe: "Mbeya."

Ya Mbeya nilisimuliwa na Subilaga mwenyewe. Hospitali kubwa walimkuta daktari wa kike, Ndelwa jina lake. Ile picha ya zamani aliiweka pembeni, akaanza kuuliza. Maumivu yanaanza lini, kabla ya damu au pamoja nayo? Yanashuka mguuni? Ukienda haja kubwa siku hizo inakuwaje? Ukiwa na mumeo je? Akabonyeza hapa, akauliza, akabonyeza pale. Subilaga akamkanyaga Gwakisa mguu, akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Huyu anagonga."

Daktari akawaeleza. Ugonjwa unaitwa endometriosisi. Nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko. Kila mwezi nayo huvuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Huwasha moto ndani, na makovu yake hugandisha viungo. Picha inaweza isionyeshe kitu, na mtu anaungua. Kwa Tusekile ulikuwa umekomaa. Walipomfanyia upasuaji, kwa matundu madogo na kamera, wakakuta kizazi na utumbo vimeshikana kama vyungu vilivyoanikwa vibichi vikagusana. Wakavitenganisha taratibu, wakaondoa walichoweza, wakampa dawa za kuzuia hedhi.

"Tumefyeka," daktari alisema, "hatujang'oa mizizi yote. Unaweza kuchipua. Ukisikia maumivu, usisubiri kuulizwa."

Niliporudi kule msimu uliofuata, nilimkuta Tusekile uani anafinyanga mtungi unaomfika kiunoni. Hakuna tena mwezi wa kumlaza kitandani. Bado yapo maumivu siku nyingine, hakunificha, lakini sasa yanamkuta amesimama.

Naona wewe hapo unataka kuniuliza kama alizaa. Unaona sasa? Unatazama chungu.

Na Subilaga? Aliyeringia sikio lake maisha yote alipata jipya la kuringia. Binti yeyote wa kijiji kile akishindwa kufanya kazi kwa sababu ya siku zake, alimwita ndani, akamkalisha, akamuuliza kimoja baada ya kingine kama daktari alivyouliza. Wengine aliwapeleka Mbeya yeye mwenyewe. Na mtu akithubutu kusema mbele yake, "Lakini mbona anaonekana mzima?", bibi yule alinyoosha mgongo, akakunja kidole, akagonga hewa mbele ya pua ya msemaji.

"Mimi ni mfinyanzi," alisema. "Kwetu chungu hugongwa, hakitazamwi."