Shingo ya Mchukuzi

Sogeeni, ila msinihimize. Nimechoka kama mwanamume wa ngano hii.

Lugendo alibeba chumvi kichwani mwaka mzima, hadi mpakani mwa nchi. Aliporudi alikuta zimwi limevaa sura yake, limeketi uani likimbembeleza mkewe, Nyamizi.

"Mume wangu ni yupi?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili, kwa sauti ileile.

Nyamizi akawapitisha mara tatu kwenye mlango wake mfupi. Mara zote tatu zimwi liliinamisha kichwa. Lugendo alikunja magoti, shingo wima, kama mzigo ungali kichwani.

Nyamizi akalitimua zimwi kwa mchi. Kisha akainua mikono juu ya kichwa kitupu cha mumewe.

"Tua sasa, mume wangu."

Lugendo akainama, akalia.

Nami natua hapa.