Kakakuona Aliyetabiri Mtihani

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika hivyo. Mmenong'ona. Mnaitika kama mimi nilivyokuwa nikimjibu mwalimu darasani, mdomo unacheza lakini sauti haitoki. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo sasa imefika. Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama waliposoma sekondari na kuvaa sare, palikuwa na kakakuona mmoja mwoga. Mwoga hasa. Mwoga wa kupigiwa mfano. Kakakuona huyo alikuwa nani? Ndiye mimi hapa ninayewasimulia, na magamba yangu haya. Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Mmemaliza? Haya.

Nilisoma Sekondari ya Kichakani, kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa Mwalimu Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, jicho kali. Anatembea katikati ya madawati, tip, tip, tip. Anasimama. Anauliza.

"Damu inasukumwa na nini? Wewe, Kakakuona. Simama."

Jibu nalijua. Moyo! Tena moyo wenyewe uko hapa kifuani unanigonga, du, du, du, unasema nitaje, nitaje. Mimi nikafanya nini? Kichwa kikaingia tumboni. Mkia ukafuata. Kunju, kunju, kunju! Nikawa donge. Donge likaanguka kutoka kwenye dawati, pu! Likabiringika, biringi, biringi, biringi, mpaka mbele ya ubao.

"Donge," akasema Mwalimu Korongo, "nimesema simama. Sijasema biringika."

Darasa zima: kwa-kwa-kwa-kwa!

Na ndani ya lile donge, nisikilizeni vizuri, nilikuwa profesa. Humo nilijibu kila swali. Humo nilimsahihisha hata mwalimu. Nikifunguka tu, uprofesa wote kwisha.

Wakati wa mapumziko nilikuwa mpira. Sisemi nilicheza mpira. Nilikuwa mpira wenyewe. Kiranja wetu, Ngedere, ananipiga teke, pa! Nakwenda, nakwenda, naingia golini. Wanashangilia. Muhula ule hakuna mwanafunzi aliyeingia golini mara nyingi kama mimi. Na sikulalamika hata siku moja, maana kulalamika nako kunataka sauti.

Mmoja tu hakuwahi kunipiga teke. Digidigi. Tulikaa dawati moja. Mwili mdogo, macho makubwa, anashtuka hata chaki ikikatika. Digidigi alishafeli kidato cha pili mara moja, alikuwa anarudia. Na sheria ya shule ilikuwa moja: ukifeli mara ya pili, fungasha virago, rudi kwenu, usionekane tena. Kwa hiyo Digidigi aliandika. Kila alichosema mwalimu, Digidigi aliandika, kwa mwandiko wa kupendeza, na picha akachora. Daftari lile alilishika kama mama anavyoshika mtoto mchanga.

Sasa. Zikabaki wiki tatu tufanye mtihani mkuu. Ngedere akaruka juu ya dawati.

"Jamani, sisi ni wajinga!"

"Tunajua!" wakajibu wenzake.

"Wajinga wa mwisho! Kwani hamjui wazee wakimwona kakakuona wanafanya nini? Wanamwekea maji, wanamwekea nafaka, wanamwekea mkuki. Akigusa maji, mvua itanyesha. Akigusa nafaka, mwaka wa shibe. Akigusa mkuki, vita. Sisi tunaye humu humu, kila siku, halafu tunampiga mateke!"

Wote wakanigeukia. Na mimi? Kunju, kunju.

Wakanibeba, wakaniweka katikati ya darasa. Wakanipangia vitu vinne. Jani, maana yake mimea. Mfupa, maana yake mifupa. Kipande cha muhogo, maana yake mmeng'enyo wa chakula. Tunda jekundu, maana yake damu.

"Jaribio la Ijumaa litatoka wapi?" akauliza Ngedere. "Gusa!"

Humo ndani najiambia: waambie hujui. Fungua mdomo, sema sijui, uende zako. Neno dogo tu hilo. Nikafunguka kidogo, jicho moja likachungulia. Nikaona nini? Juu ya jani, sisimizi. Mnene. Anatembea taratibu, hana haraka na mtu. Na mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Ulimi ukatoka wenyewe. Chwap!

"Jani!" Ngedere akapiga kelele. "Mimea! Inatoka mimea!"

Na Ijumaa, mniamini msiniamini, jaribio likatoka mimea. Swali la kwanza mimea, la mwisho mimea. Darasa zima likafaulu.

We! Kuanzia siku hiyo nikawa mtu mkubwa. Jina likabadilika, naitwa Mtabiri. Begi nabebewa. Foleni ya chakula napishwa. Mchwa naletewa, wamefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Nikaanza kutembea kifua mbele. Semeni mtakavyo, nilipenda. Nikasema moyoni, hatimaye mimi nami najiamini. Kujiamini gani, jamani, na neno lenyewe hata moja sijalitamka? Nilikuwa bubu mwenye wapambe.

Jumatatu wakaniweka tena katikati. Jani, mfupa, muhogo, tunda.

"Na mtihani mkuu, Mtabiri? Gusa!"

Safari hii mchwa alikuwa juu ya mfupa. Chwap!

"Mifupa!" Ngedere akacheza. "Kuanzia leo ni mifupa tu! Atakayesoma kitu kingine hana imani, atatuharibia bahati wote!"

Basi ikawa mifupa asubuhi, mifupa mchana, mifupa jioni. Wanataja mifupa wakioga. Wanataja mifupa wakila. Siku nane nzima. Digidigi naye alikariri mpaka midomo ikakauka, na mimi pembeni yake, dawati lilelile, natafuna mchwa wangu.

Siku ya nane Ngedere akatoa amri nyingine. Madaftari yote ya Baiolojia, yale yenye mada nyingine, yapelekwe jikoni yakawashie moto wa uji. Eti ndiyo imani kamili! Wakapanga foleni. Ngedere amesimama kando ya jiko, anapokea, anatupa. Fuu! Anapokea, anatupa. Fuu!

Mimi nilikuwa juu ya kilima nyuma ya jiko, nimeegemea jiwe kama bwana mkubwa. Nikamwona Digidigi. Wa mwisho kabisa. Anasogea hatua moja, anarudi hatua moja. Daftari kalikumbatia kifuani.

"Dada, leta," akasema Ngedere.

"Siwezi kubaki nalo? La kuangalia tu."

"Unataka kufeli tena? Mtabiri ameshasema."

"Kama Mtabiri amesema," akajibu Digidigi, akilinyoosha daftari polepole, "basi."

Mtabiri! Mtabiri ndiye mimi, na mguu wa mchwa bado umeninasa mdomoni. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, ile inayowasha chini ya magamba. Nikasimama nipige kelele. Mdomo ukafunguka. Sauti? Hamna. Kichwa kikaanza safari yake ya tumboni. Kunju, kunju. Na kilima kile kilikuwa na mteremko!

Biringi, biringi, biringi! Nikapita bwenini. Biringi, biringi! Nikapita tangi la maji. Biringi! Nikamgonga Digidigi miguuni, pu! Daftari likaenda kule, Digidigi akaenda huku, na Ngedere akaingia mzima mzima kwenye sufuria la uji. Bahati yake ulikuwa uji wa asubuhi, umeshapoa.

Wote wakanizunguka.

"Mtabiri ana ujumbe!"

"Nyamazeni, Mtabiri anataka kusema!"

Ndani ya donge kulikuwa na giza. Yule profesa wangu alikuwa ananong'ona, kaa humu, watachoka, watakwenda. Lakini nilijua. Nikikaa humu, daftari linaungua. Daftari likiungua, Digidigi anarudi kwao. Nikafunguka, gamba moja, la pili, la tatu, kra, kra, kra.

"Sijui," nikasema.

"Umesemaje?"

"SIJUI! Sijui mtihani! Sijawahi kuujua! Nilikuwa nakula sisimizi!"

Uji unamdondoka Ngedere, to, to, to.

"Na lile jaribio la mimea?" akauliza.

"Bahati."

"Na mifupa?"

"Mchwa."

"Na kile kifua ulichokuwa unatutembezea hapa shuleni?"

"Hicho nacho sijui kilitoka wapi."

Nikangoja dunia ipasuke. Haikupasuka. Ngedere alinipiga teke moja, na kwa kweli nilistahili.

Sasa msidhani Digidigi alinishukuru. Wapi! Alilia.

"Siku nane nimesoma mifupa," akasema. "Siku nane! Zimebaki sita. Umekaa hapa, dawati moja na mimi, unanisikia nakariri, ukashindwa kuniambia neno moja?"

Hilo liliniuma kuliko mateke yote ya muhula mzima.

"Damu," nikasema.

"Nini?"

"Damu naijua. Mmeng'enyo naujua. Mimea naijua. Nayajua yote, ila nayajua nikiwa nimejikunja."

Digidigi akafuta machozi. Akaokota daftari, na hilo ndilo lilikuwa limebaki peke yake darasa zima. Akalifungua mbele yangu. Akanizunguka, akaja nyuma. Akakalia mkia wangu.

"Haya, jikunje," akasema. "Jikunje tukuone."

Nikajaribu. Kakakuona aliyekaliwa mkia hajikunji, mkitaka kujua. Nikabaki hivyo hivyo, uso nje, darasa zima linanitazama.

"Fundisha," akasema Digidigi.

Nikafundisha. Yaani, nilitetemeka huku nasema. Magamba yanalia, cha-cha-cha-cha. Nikasema moyo wa mnyama una vyumba vitano. Pimbi mmoja huko nyuma akasema, "Siyo vitano." Digidigi akaangalia daftari. "Ni kweli, ni vinne." Nimekosea! Mbele ya watu! Nikajipapasa, nikajikuta bado mzima. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakimbia kitu hiki? Nikasema, "Vinne, asante Pimbi," nikaendelea.

Tukasoma hivyo kila alasiri. Siku ya kwanza Digidigi alinikalia mkia wote. Siku ya tatu aliukanyaga kwa ukwato mmoja tu. Siku ya tano alisahau, nami sikumkumbusha. Ngedere naye alikuja, akakaa nyuma, akanuna, akaandika kila kitu.

Mtihani ukafika. Damu ikatoka. Mmeng'enyo ukatoka. Mimea ikatoka. Mifupa? Hata mfupa wa samaki haukutoka.

Kisha tukangoja. Tukangoja mpaka matokeo yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Shule nzima ikajaa pale, wanasukumana, wanakanyagana. Digidigi alisimama mbali, ameupa ukuta mgongo. Alikuja na begi lake la nguo, tayari limefungwa.

"Nisomee wewe," akaniambia. "Nikisoma mwenyewe nitaanguka. Kama nimefeli, njoo uniambie taratibu. Kama nimefaulu, sema hapo hapo ulipo, wote wasikie."

Nikapenya katikati ya miguu ya watu. Nikatafuta jina lake juu. Halipo. Katikati. Halipo. Nikashuka, nikashuka, moyo nao unashuka na mimi. Karibu na mwisho kabisa nikalikuta. Nikalisoma mara mbili. Alipita kwa alama moja.

Nikageuka. Uwanja umejaa. Mwalimu Korongo yuko mlangoni, shingo ameinyoosha. Mkia wangu ukaanza kucheza, na hakuna aliyeukalia. Nikavuta pumzi.

"DIGIDIGI AMEFAULU!"

Ndege wote waliokuwa juu ya paa wakaruka, pururu!

"Rudia," akasema Digidigi kule mbali. Bado amegeuka, mabega yanatikisika.

"AMEFAULU! DIGIDIGI ANABAKI SHULENI!"

Nikarudia mara ya tatu bila kuombwa. Nikamfuata, nikamchukulia lile begi, nikalirudisha bwenini mimi mwenyewe. Jioni Ngedere akanikuta huko.

"We mzembe," akasema, "na wewe umefaulu. Kwani hukuangalia jina lako?"

Sikuangalia. Nilisahau kabisa kwamba hata mimi nilifanya mtihani.

Funzo lake nalisema wazi, asije mtu akasema hakuelewa. Ewe unayesoma shule, usingoje kutetemeka kuishe ndipo useme. Sema huku unatetemeka. Kama hujui, sema hujui. Kama unajua, sema, maana pembeni yako yupo anayelihitaji hilo unaloficha tumboni. Ukikosea, utasahihishwa, na jioni utakula kama kawaida. Nanyi wakubwa mnaochekelea huko nyuma, nanyi mmo. Mimi mwenyewe juzi niliitwa kutoa neno kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilishika mkia wangu kwa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini neno nililitoa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, aliye karibu aiokote aende nayo kwao.