Jasho la Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, katika Bonde la Mkole, mnyama aliyelegea meno hakwenda tena malishoni. Alikaa nyumbani akanywa uji kwa asali ya mzinga alioutundika ujanani. Mzinga huo haukufunguliwa mpaka uzee ufike, kwa hiyo kila mmoja alitafuta wa kumtunzia.

Watunzaji walikuwa wawili. Kobe alikaa chini ya mgunga wake. Ukimpelekea mzinga unautundika mwenyewe, yeye anafukuza siafu, basi. Ujira wake kidole kimoja cha asali kwa mwaka.

Kindi alikuwa mwingine kabisa. Aliihamisha mizinga mti hadi mti, eti anafuata maua, na kila akihamisha alichota kata nzima. Jioni alirudi ameloa, tiriri, tiriri. Tembo na wenzake walimsifu sana, maana wakubwa wale walilelewa kupima kazi kwa jasho.

Mama Nyati alikuwa na mzinga wake kwa Kindi, na wa marehemu mumewe kwa Kobe. Asubuhi moja jino likamcheza. Akaogopa, akamwendea Kindi.

"Bwana Kindi, asali yangu itanifikisha?"

"Itakufikisha na kubaki, mama. Jana nimeupeleka mzinga wako kwenye mkwaju, leo kwenye mkole. Hebu tazama jasho hili."

Nyati akatazama, kisha akanusa. Mbona jasho linanuka tope? Akaenda zake kwa Kobe, swali likimtekenya njia nzima.

"Baba Kobe, mbona wewe hufuati maua?"

"Nyuki wana mabawa, mama. Wanayafuata wenyewe. Mimi na miguu hii niwafundishe nini?"

"Na Kindi je?"

"Kuna mwaka anabahatisha maua mazuri, ananipita. Mwaka wa pili nyuki wake wanapotea njia. Usiniamini mimi, fungua uone."

Nyati akafungua. Mzinga wa mumewe ulijaa hadi mdomoni. Akautafuta na wake ulioko kwa Kindi, uliotundikwa siku ileile, akaufungua. Akaingiza ulimi, akalamba, akagusa mti mkavu. Kata moja moja zilikuwa zimeumaliza. Nyati akalia, maana ule ulikuwa uji wake wa uzeeni.

Lakini lile tope bado lilimsumbua. Jioni akajibanza kwenye matete kando ya mto. Kindi akashuka mtini akipiga miayo, alikuwa amelala mchana kutwa. Chubwi! Akazama, akaibuka, akaelekea kwa Tembo akihema kwa nguvu.

Kesho yake Nyati akawaita wenzake wote pamoja na Kindi, akawaonyesha mzinga wake mtupu.

"Usimwonee mtoto wa watu," Tembo akasema. "Huyu anatoka jasho kwa ajili yetu."

"Basi alitoe hapa, tumwone."

Kindi angekataaje? Akauzunguka mti, pururu, pururu, akapanda, akashuka, mpaka ulimi ukaning'inia. Tembo akampitisha mkonga mgongoni.

"Mkavu," akasema polepole. Akapapasa tena. "Mkavu kabisa. Sasa lile la kila jioni lilikuwa linatoka wapi?"

"Mtoni," Nyati akajibu. "Na asali ilikuwa inatoka kwetu."

Kindi hakungoja swali la pili. Fyuu! Mtini, tawi hadi tawi, mpaka leo anaruka hivyo. Tembo akajitwika mzinga wake, mwepesi kuliko alivyoutarajia, akauliza njia ya kwenda mgungani.

Naye Nyati alizeeka kwa mzinga mmoja badala ya miwili. Alikunywa uji kwa asali ya mumewe, akiikadiria, na kila bakuli alimkumbuka.

Hadithi yangu imekaukia hapo, wanangu, kama mgongo wa Kindi: kabla hujalipia jasho, onja asali.