Blanketi la Pichani

Tiring! Tiring!

Usiku wa manane, wanangu, kila mtu kalala, simu inalia pangoni. Nani huyo saa hizi? Sogeeni, msivutane shuka, niwaambie. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana simu zilishakuwepo, juu ya jabali lenye baridi kali aliishi Mama Tunu. Alikuwa pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayekaa kwenye nyufa za mawe. Mwanawe Tunu alikuwa na wiki mbili tu, mdogo kama kiazi, anatetemeka, na masika yalikuwa yanakuja, mawingu haya hapa.

Mama Tunu akashika simu. Lo! Picha ya blanketi. Jekundu, zito, laini kama kifaranga. Chini yake maneno: "Duka la Mama Njiwa. Bei ya kutupa, mwisho kabla jogoo hajawika! Hakuna kufungua mzigo kabla ya kulipa." Na pembeni njiwa mwenyewe, mpole, kainamisha shingo.

"Mbona rahisi hivi?" akajiuliza Mama Tunu. "Na mbona naharakishwa, kwani jogoo ananidai nini?"

Lakini Tunu akapiga chafya, chyaa! Moyo wa mama ukaruka, kidole kikabonyeza. Akaagiza.

Siku ya tatu akaja Punda, mbeba mizigo.

"Hodi! Mzigo wa Mama Tunu!"

"Karibu, shemeji. Naomba nifungue nione kwanza."

"Aa-aa! Masharti ya duka hayo. Unalipa, ndipo unafungua. Usinitazame hivyo, mama, mimi ni miguu tu, duka sina."

Mama Tunu akalipa, akiba yote ya kibubu, na Punda akashuka zake, kwata kwata kwata. Akachana karatasi, chwaaa! Ndani mlikuwa na kipande cha gunia. Gunia kuukuu, lina tundu katikati, na linanuka.

Akapiga simu dukani, haipokelewi. Akaandika ujumbe, haufiki. Kumbe Mama Njiwa keshamfungia namba!

Mama Tunu akalia. Siyo kwa sauti, wanangu, mama mwenye hofu halii kwa sauti, anamfunika mtoto kwa kifua chake na kulia kwa ndani. Akataka kulitupa gunia bondeni, afute na ujumbe wote, mtu yeyote asijue. Ndiyo kwanza amesimama, mara miiba ikasikika mlangoni, cha-cha-cha. Bi Nungu huyo, nungunungu wa pango la chini.

"Shoga, mbona macho mekundu?"

"Nikikuambia, usimwambie mwingine."

"Mimi? Naahidi. Sitamwambia mwingine."

Mama Tunu akasema yote bila kuvuta pumzi. Miiba ya Bi Nungu ikamlala mgongoni.

"Na mimi niliagiza kwake," akasema taratibu. "Mafuta ya nywele. Nikaletewa maji ya tope kwenye chupa. Nikanyamaza, maana najua wangeniuliza, Nungu na wewe, nywele zipi?"

Wakatazamana. Wakacheka mpaka Tunu akaamka.

"Usitupe gunia, usifute ujumbe," akasema Bi Nungu. "Ndiyo ushahidi wako huo. Twende barazani kwa Tembo."

"Tutakwenda, tena na ushahidi wote. Lakini baraza linakaa Ijumaa, na mvua ile haijui Ijumaa." Mama Tunu akafuta machozi. "Sisi pimbi tuna mkosi na kuagiza, shoga. Babu yetu, siku ya kugawiwa mikia, aliona uvivu kwenda, akaagiza aletewe. Mpaka leo tunausubiri! Blanketi nalo? Sikubali. Hebu niazime simu yako."

Akalikunja gunia lile lile, akalirudisha ndani ya karatasi ile ile, akabandika gundi vizuri. Kisha akaandika, na nyinyi sikilizeni vizuri kila neno: "Shikamoo Mama Njiwa. Ni mimi Mama Tunu wa jabalini. Ndani ya mzigo nimekuta kitu ambacho sikukiagiza. Si changu. Nimekifunga kama kilivyokuja. Niletee blanketi langu, lile la pichani, uchukue kitu chako."

Hata kope hazijagongana, tiring! "USIFUNGUE TENA! USIMWONYESHE MTU! NAKUJA MWENYEWE!"

Jioni, Bi Nungu keshashuka zake, manyunyu yameshaanza, Mama Tunu akasikia nyayo. Gudu! Gudu! Gudu! Njiwa gani huyo mwenye kishindo? Mama Tunu akamsukuma mwanawe nyuma kabisa ya ufa, akachungulia. Alikuwa Fisi! Fisi mzima, madoa yote, kashika blanketi jekundu kwapani.

"Kuu, kuu," akasema Fisi kwa sauti nyembamba.

"Mama Njiwa, mbona una meno?"

Fisi akakohoa. "Mama Njiwa ni... ni mfanyakazi wangu, yuko likizo. Lete mzigo! Ni bangili yangu, siyo? Bangili ya fedha, iliniponyoka nilipokuwa nafunga mizigo, nimeitafuta tangu juzi!"

"Mimi sijasema bangili, baba. Nimesema kitu nisichokiagiza."

"Kinang'aa?"

"Nilipokiona tu, machozi yalinitoka."

"Ndiyo yenyewe!" Fisi akaanza kutoa udenda. "Lete, nifungue!"

"Aa-aa," akasema Mama Tunu, na sauti inamtetemeka, lakini akasema. "Masharti ya duka. Hakuna kufungua mzigo kabla ya kulipa."

"Hayo ni ya wateja!"

"Na leo anayepokea mzigo ni nani?"

"Pimbi wewe! Nitakutafuna na huyo mwanao!"

Tunu akalia, nyiii. Mama Tunu akajikaza. "Nitafune basi. Lakini mimi, mtoto na mzigo, wote tuko ndani ya ufa, na ufa huu hata pua yako haiingii. Jaribu."

Fisi akajaribu. Pua ikakwama. Akavuta, akavuta, pwa! akaanguka chali. Mvua ikazidi, anafikiria bangili, anatazama blanketi, anafikiria bangili. Mwisho akalisukuma blanketi ndani. "Haya, chukua! Kwanza ni moja tu hilo, la kupigia picha."

Mama Tunu safari hii hakuwa na haraka. Akalikunjua, akalitazama mbele na nyuma, akalinusa, akavuta mishono. Halafu akamviringisha Tunu, na mtoto, jamani, akaacha kutetemeka pale pale, akapiga mwayo mdogo, akalala. Mama akabaki anamtazama, karibu asahau kwamba Fisi yupo nje.

"Mzigo wangu!"

"Samahani, baba. Huu hapa."

Chwaaa! Fisi akachana. Akakung'uta. Akaingiza kichwa chote ndani ya karatasi. Akatoka na gunia limemning'inia sikioni.

"Umenitapeli!"

"Soma ujumbe, baba. Kitu ambacho sikukiagiza. Si changu. Kama kilivyokuja. Neno la uongo liko wapi?"

Ndipo kicheko kikalipuka, kwa-kwa-kwa, hapa na pale, kila ufa wa jabali. Bi Nungu huyo mbele, Kanga huyo, Kobe huyo, Digidigi na watoto wake saba, hata Punda, kainamisha masikio kwa haya. Kila mmoja na takataka yake aliyoletewa na Mama Njiwa, na ujumbe wake kwenye simu.

Mama Tunu akamgeukia Bi Nungu. "Shoga! Si uliahidi?"

"Niliahidi, nikashindwa, unisamehe. Lakini kila niliyemwambia, naye ana lake kalificha chini ya kitanda!"

"Kuanzia leo," akasema Punda, "mgongoni mwangu hakuna mzigo usiofunguliwa. Na Ijumaa barazani, shahidi wa kwanza mimi."

Basi neno la hadithi, wanangu, ni hili: ona kwanza ndipo ulipe, na ukitapeliwa sema, kwa sababu aibu ni ya mwizi. Lakini ngojeni, msilale, Fisi bado hajaondoka. Amelowa chapachapa, mkia katikati ya miguu, blanketi la kupigia picha hana tena, amesogea mpaka mlangoni anamnong'oneza Mama Tunu.

"Mama, nakuomba, haya mambo yaishe hapa hapa. Usimwambie mwingine."

Mama Tunu akatazama juu ya jabali, akatazama chini, akawatazama wote mmoja mmoja mpaka kwa Digidigi wa mwisho, yule mdogo. Akamfunika Tunu vizuri, mpaka shingoni.

"Naahidi, baba," akasema. "Sitamwambia mwingine."