Kituo cha Kupumzikia

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai, kabla jua halijachomoza, ndipo mambo yalipoharibika Kibumba. Tangu siku hiyo, mtu akisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hakuna anayecheka. Maana ya methali hiyo ni nyepesi: machungu ya mahali huyajua aliyeishi hapo, si anayepatazama kwa mbali, hata cheo chake kiwe kirefu kama mlima Nyiragongo. Labda wepesi wake ndio huwafanya wakubwa waisahau.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kufungua, kwa mashindano, njia mpya ya baiskeli za milimani. Njia yenyewe ilianzia Kibumba, ikakata uwanda wa mawe meusi, yale yaliyotiririka zamani yakiwa moto, yakapoa na kubaki makali kama chupa zilizovunjika. Kutoka hapo iliteremka korongo la mto ambao wakati wa mvua hunguruma na mwezi wa Julai hubaki kokoto tupu. Ikapanda tena, ikapita kwenye kijibonde chenye majani mabichi, ikatokea Kibati. Ilipakwa alama za rangi nyeupe kila baada ya hatua hamsini. Wakubwa walisema italeta wageni, na wageni wataleta kazi.

Mtu aliyekijua kitanda hicho alikuwa Papa Ntirenganya. Kwa miaka thelathini alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, akishusha kabeji na viazi hadi Goma. Barabara kubwa ilipokuwa mashimo matupu, yeye na wenzake wawili walikatiza uwandani. Barabara ilipotengenezwa, njia yao ya mkato ilisahauliwa. Wenzake wale wawili walikwisha kufa. Akabaki yeye, na uchungu wake.

Uchungu huo ulikuwa na jina: Nyiramahirwe, mkewe. Miaka sita iliyopita alishikwa na homa kali, Ntirenganya akamlaza juu ya chukudu na kumsukuma hadi kituo cha afya. Mlango ulikuwa na kufuli. Muuguzi alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mingi, naye alikwenda kulima ili watoto wake wale. Nyiramahirwe alikata roho pale kwenye ngazi, akitazama kufuli. Tangu siku hiyo Ntirenganya hakumlaumu muuguzi hata mara moja. Aliwalaumu waliokaa juu ya muuguzi, na waliokaa juu ya hao, mpaka mwisho wa ngazi. Mtu yeyote aliyefika na karatasi mkononi alikuwa kwake ndugu wa kufuli lile.

Basi mwezi wa tatu alifika mtu mwenye karatasi. Aliitwa Bashige, injinia kijana kutoka Goma, mpole, mwenye viatu vilivyochanika kwa mawe. Aliuliza kwenye maegesho ya machukudu ni nani anayeujua uwanda ule, na vidole vyote vikamwelekea Ntirenganya. Bashige akamwendea, akavua kofia.

"Papa, tembea na sisi siku moja tu. Utuonyeshe pabaya na pazuri."

Ntirenganya hakuinua hata uso. Alikuwa anachonga gurudumu.

"Ninyi mulisoma," akasema. "Muulize makaratasi yenu."

Watu wa maegesho wakacheka, na Habineza, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, akaongeza kwamba injinia ajihadhari, muzee huyu hata mvua huiuliza imetumwa na nani. Bashige naye akacheka, akashukuru, akaenda zake. Akaupima uwanda peke yake, siku zote mchana, maana asubuhi alikuwa safarini kutoka mjini.

Mchana kile kijibonde kilikuwa kizuri kuliko mahali pote. Upepo ulipita, majani yalikuwa laini kama mkeka mpya, palikuwa na kivuli. Bashige akachagua hapo pawe kituo cha kupumzikia. Mafundi wakajenga benchi la mawe, wakaandika kwa rangi: PUMZIKA HAPA.

Ntirenganya alipita siku moja akayaona maandishi. Moyo wake ukaruka, kisha ukatulia, kisha, Mungu amsamehe, ukacheka. Yeye alijua kwa nini mbuzi hawakulishwa pale tangu zamani, ingawa wachungaji wenyewe walikwisha kusahau sababu. Mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini, isiyo na rangi wala harufu, hulala mabondeni kama maji ya bwawa. Watu waliyajua ya kando ya ziwa, upande wa Bulengo na Sake. Ya hapa waliyajua watu watatu tu. Zamani wao watatu walikuwa na desturi: wakifika ukingoni huwasha bua la mtama na kulishusha kwa kamba. Likizimika, wanakaa juu kungoja jua na upepo vifagie bonde. Hawakuwahi kushuka kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Akapiga hesabu yake. Mashindano yataanza saa tatu. Waendeshaji watafika bondeni karibu saa nne, mazuku yamekwisha kutawanyika. Hakuna atakayekufa. Siku moja mbuzi wa mkubwa fulani atafia pale, na wote watajua kwamba hawajui. Akanyamaza. Hata bintiye, Tuyisenge, aliyeajiriwa na kamati ya mashindano kupokea waendeshaji pale mwanzo wa njia, hakumwambia kitu. Kazi ile aliiita kazi ya kufagilia wakubwa, na nyumbani haikutajwa.

Kumbe saa ilihamishwa. Ijumaa jioni ujumbe uliingia kwenye simu za kamati: mheshimiwa atakayekata utepe ana mkutano mjini, mashindano yaanze saa kumi na mbili kamili asubuhi. Hakuna aliyeuliza swali. Ntirenganya hakuwa na simu.

Alfajiri alikwenda maegesho kama kawaida, akamkuta Habineza anapakia viazi.

"Leo wakubwa wameamka mbele ya jogoo," Habineza akasema. "Mutoto wako naye wamemutuma mbali, kule kwenye benchi. Yule wa kupanga maji hakufika, habari ya saa haikumufikia."

Ntirenganya aliuliza mara moja tu ni benchi gani, ingawa alijua. Hakungoja jibu. Alinyakua chukudu yake tupu, akaweka goti moja juu yake, akaisukuma kwa mguu wa pili, akaingia njia ya mkato.

Mawe yale alikuwa hajayapita na chukudu kwa miaka kumi, lakini miguu ina kumbukumbu. Chukudu iliruka kama mbuzi aliyeona chui. Kwenye korongo aliibeba begani, akapanda upande wa pili akihema kama mivuba ya mhunzi. Alipofika ukingoni mwa kijibonde, kulikuwa kimya. Hakuna jani lililotikisika. Baiskeli moja ilikuwa imeachwa juu, imelazwa taratibu, kama mtu anavyoiacha akijua atarudi.

Chini, chupa za maji zilikuwa zimepangwa nusu. Tuyisenge alikuwa amelala juu ya benchi la mawe, chali, mikono imening'inia. Chini ya benchi, amepiga magoti, kichwa kimeegemea jiwe, alikuwa Bashige. Ntirenganya alielewa yote kwa mtazamo mmoja. Injinia, ambaye siku hiyo hakungoja mchana, alipita kukagua, akamwona binti ameanguka majanini, akashuka, akainama akamwinua na kumweka juu ya benchi, ambako hewa mbaya haikufika. Hakuwa na nguvu ya kujiinua mwenyewe.

Ntirenganya alivuta pumzi, akaifunga kifuani, akashuka na kamba yake ya mizigo. Akampitishia bintiye kwapani, akapanda, akamvuta. Akavuta pumzi tena, akashuka. Mara ya pili mzigo ulikuwa mzito. Alipomfikisha Bashige juu, Tuyisenge alikuwa anakohoa na kutapika. Bashige hakukohoa.

Halafu mlio wa magurudumu ukasikika. Ntirenganya akailaza chukudu yake katikati ya njia, akasimama mbele yake. Mwendeshaji wa kwanza akafunga breki, vumbi likamfunika.

"Muzee, toa mbao zako. Hii haiko njia ya viazi."

"Pita juu ya maiti kwanza," akajibu Ntirenganya, akimwonyesha.

Hakuna aliyepita. Watu arobaini na wawili waligeuza baiskeli zao siku hiyo.

Siku tatu baada ya mazishi, mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa parokia. Mwenyekiti wa kamati alizungumza kwa sauti laini. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi, ila kwa bahati mbaya hakuwashirikisha wenyeji. Angeuliza, hili lisingetokea. Vichwa vikaitikia. Mama yake Bashige, aliyeketi mstari wa mbele, akainamisha uso, kana kwamba mwanawe anazikwa mara ya pili.

Ntirenganya akasimama. Watu wakajiandaa kusikia matusi yaleyale.

"Aliuliza," akasema. "Alivua kofia, akaniuliza mimi. Nilikataa. Nilijua bonde lile linaua asubuhi, nikanyamaza ili niwacheke. Mama, mutoto wako hakukosa. Alimuinua wangu, na mimi sikumuinulia hata jicho."

Mama yule alijifunika kitenge usoni. Tuyisenge, aliyekuwa amemshika baba yake mkono, akauachia polepole. Ntirenganya aliuhisi mkono ule ukiondoka, lakini hakuketi.

"Hilo ni langu, nitaenda nalo kaburini. Lakini nilikuwa nimehesabu saa tatu. Saa tatu hakuna angekufa. Ni nani alihamisha saa?"

Mwenyekiti alisafisha koo, akasema amri ilitoka juu. Ntirenganya akauliza juu wapi. Mwenyekiti akamtazama katibu, katibu akaitazama simu yake, na simu haikulia. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Leo njia ile imefungwa kwa miba, na mvua imeanza kufuta rangi za alama. Ntirenganya hupeleka viazi kwa mama yake Bashige kila mwisho wa mwezi, huviacha mlangoni, naye mama huvipokea bila kumkaribisha. Bintiye anaishi naye, anampikia, anamsalimu. Kila mmoja amebeba lake, isipokuwa mmoja: aliyehamisha saa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa yule aliyewatandikia wenzake kitanda ambacho mwenyewe hajakilalia hata usiku mmoja, jina lake ni nani?