Joho la Mzee Semkiwa

Hapo zamani, enzi ambazo kila maiti alioshewa uani kwake, alifariki Mzee Semkiwa, Mzigua wa Pangani, mtu wa majivuno na ndevu nyeusi tii. Ndevu hizo, kusema kweli, zilikuwa nyeupe. Aliyejua ni mkewe tu, Bi Mwanakheri, maana ndiye aliyekuwa akimpaka piko kila Alhamisi, mlango umefungwa. Alipokaribia kukata roho, mzee alimshika mkono akamwambia, "Joho langu apewe atakayenisitiri."

Muosha maiti alikuwa Shomari, mtu asiye na kifua hata cha kuweka siri ya mchuzi uliozidi chumvi. Alipomwaga maji, piko likatoka, ndevu zikawa nyeupe pee. Shomari akazifunika kwa pamba yenye karafuu maiti, akavuta sanda mpaka kidevuni, akatoka, akanyamaza. Kunyamaza huko kulimwumiza mpaka akakosa usingizi.

Maji meusi nayo yakafurika ufuo, ule mtaro wa maji ya maiti, yakatambaa kuelekea kwa waombolezaji. Dosa, aliyeuchimba, akayaona, akatambua ni rangi ya ndevu. Hakuwa na koleo karibu, basi akajibwaga juu yake na kanzu yake mpya, akaangua kilio. Watu walishangaa, kwani yeye na marehemu hawakuwa wakisemezana tangu walipogombea mpaka wa shamba.

Ndugu walipoingia kumuaga marehemu, wakaona doa jeusi kwenye sanda, wakaanza kunong'ona. Lugendo alikuwapo, Mnyamwezi, mtani wao, amejipaka masizi akiigiza mwendo wa marehemu kama watani wafanyavyo msibani. Hakujua lolote.

"Ni mkono wangu huo," akasema. "Nilimpapasa nione kama kweli amekubali kufa."

Wakamfukuza kabla wali haujaiva.

Eda ilipokwisha na wosia kujulikana, wote watatu wakafika kwa Bi Mwanakheri kudai joho.

"Unanijua nilivyo, bibi," akasema Shomari. "Lakini niliyoyaona nimeyanyamazia."

Dosa akasema, "Mimi nilimlilia hasimu wangu mbele ya mji mzima, na kanzu haikutakata tena."

"Nami nilisema uongo bila kujua ninaficha nini," akasema Lugendo, "na wali sikula."

Bi Mwanakheri akacheka, kisha akalia, maana alimkumbuka sana mzee wake. Dada yake akamnong'oneza asilitoe joho kabisa: aliyemsitiri mzee miaka yote ni yeye mjane mwenyewe. Lakini wosia ni wosia, na wawili kati ya wale wageni walikuwa na siri ya mumewe mdomoni.

Joho liko mapajani pake, wote wanamtazama. Haya, nyinyi mnaocheka, msaidieni mjane: je, nani alistahili?