Pimbi, Kiboko na Robo Maili ya Korosho

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa nini?

Palikuwa moshi wa matairi.

Nani aliuwasha?

Nyamazeni basi niwaambie. Na asiyejua kuendesha akae nyuma kabisa, asije akagongwa na hadithi.

Hapo kale, tena si kale sana maana matairi yalishakuwepo, palikuwa na uwanja ambao ndege za chuma ziliuhama, wakabaki kutua ndege wa manyoya. Lami yake ilinyooka kuliko maneno ya fundi gari yeyote mnayemjua. Wanyama wakaugeuza uwanja wa mbio. Si mbio za kuzunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mbio za kunyooka: kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye kamba ya mgomba, robo maili, basi.

Saa hawakuwa nayo. Walikuwa na Kobe. Kobe alikaa penye kamba, kapu la punje za mahindi kulia, kibuyu kushoto. Kule kwenye kichuguu Kanga akishusha bawa, gari linaondoka, na Kobe anaanza kudondosha punje kibuyuni, moja moja, to, to, to, mpaka gari likate kamba. Punje chache, mbio kali. Punje nyingi, kauze gari ununue mbuzi. Msidhani Kobe alichaguliwa kwa busara. Alichaguliwa kwa sababu mkono wake una mwendo mmoja tu tangu azaliwe.

Na desturi ilikuwa hii: punje zilizodondoka ni za dereva, aende nazo nyumbani. Walisema, mwepesi ashibe sifa, mzito ashibe mahindi. Tena wawili wakishindana, mdogo ndiye huleta kapu, maana mkubwa akikabidhiwa kapu, kapu halifiki.

Sasa, palikuwa na Kiboko. Injini ya gari lake ilitoka kwenye lori, sauti yake sijui ilitoka wapi. Akikanyaga mafuta, GHUUUUM, vifaranga vinaanguka kutoka kwenye viota. Punje kumi na mbili. Hakuna aliyewahi kuzikaribia. Kwa hiyo kila aliyekuja kukimbia ilibidi kwanza amletee Kiboko mkungu wa ndizi pale mlangoni pa uwanja. Nani alimpa ruhusa hiyo? Tumbo lake.

Na palikuwa na Pimbi. Mdogo, hana mkia, ana mdomo mrefu kuliko gari lake. Gari lenyewe alikuwa ameliunga kwa mikono yake: mlango wa hili, boneti ya lile, usukani wa trekta. Alilala ndani yake, alilia ndani yake, alilifuta vumbi kwa tumbo lake. Siku ya kwanza akakimbia. Ngriii-pu-pu-pu. Punje ishirini. Wanyama wakacheka mpaka Kanga akataga kabla ya wakati.

Pimbi hakununa. Akaimba:

*Punguza, punguza, kigari changu,*
*mzigo wa jana si safari ya leo.*

Akang'oa kiti cha nyuma. Ngriii-pu-pu. Punje kumi na nane. Akaimba.

Akang'oa milango yote. Ngriii-pu. Punje kumi na sita. Akaimba.

Akatoa tairi la akiba, jeki, redio na honi. "Honi ya nini," akasema, "nikikupita utajua." Punje kumi na tano.

Akapunguza upepo kwenye matairi ya nyuma, yakaing'ang'ania lami kama kupe. Punje kumi na nne. Akanyoa manyoya yake mwenyewe, mwili mzima. Punje kumi na nne vilevile, ila sasa na baridi.

Habari zikamfikia Kiboko, kwamba kila wiki kuna mtu punje zake zinashuka. Akaja akijivuta, anatafuna ndizi za watu.

"We dogo, hiki ni kigari au ni kikaango?"

"Ni kigari, mzee. Kikaango kiko nyumbani, utakiona Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Mimi na wewe, bosi. Nikikushinda, huli tena ndizi ya mtu mlangoni, na unapanga foleni nyuma ya Kanga kama sisi wengine."

Kiboko akacheka, maji yakamtoka puani. "Na nikikushinda mimi, kigari hiki nakichukua. Kitanifaa kuwa hori la kulia majani."

Pimbi akakitazama kigari chake, akakiona tayari kimejaa majani. Lakini mdomo ulishatangulia, na mdomo wa Pimbi hauna gia ya kurudi nyuma. "Sawa," akasema.

Kobe akamvuta pembeni. "Mjukuu wangu, una kumi na nne. Yule ana kumi na mbili."

"Najua, babu."

"Umebaki kung'oa nini?"

"Mimi nimemaliza, babu. Sasa namng'oa yeye."

Jumamosi ikafika. Pimbi akaja na kapu, maana ndiye mdogo. Akalifunua. Hamkuwa na mahindi humo. Mlikuwa na korosho, zimekaangwa asubuhi hiyo kwa chumvi, bado za moto. Harufu ikavuka uwanja, ikapiga hodi kwenye pua ya Kiboko, ikaingia bila kusubiri kukaribishwa.

"Korosho zinaruhusiwa?" akauliza Kanga.

"Punje ni punje," akasema Kobe, na mkono wake ukaanza kunyemelea korosho moja. Akaukemea, ukatulia.

Pimbi akatangulia. Akazungusha matairi mahali pamoja, mssss, moshi, yapate moto. Kanga akashusha bawa. Ngriii! Akainama mpaka kidevu kikagusa usukani, akavuta pumzi ndani ili hata tumbo lisishike upepo. Kamba, pwa. Kobe akahesabu: korosho kumi na tatu. Hajawahi. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Lakini kumi na tatu si kumi na mbili. Kiboko alijua. Pimbi alijua. Akarudi kwenye kichuguu na korosho zake mkononi.

"Onja, mzee. Mimi zinanipa kiungulia."

Kiboko akazitupia zote mdomoni, akafumba macho. Akayafumbua.

"Zilizobaki kapuni ni za nani?"

"Zitakazodondoka wewe ukiwa barabarani ni zako. Si unaijua desturi?"

Kanga akashusha bawa. GHUUUUM. Lami ikalia. Kiboko akatoka kama mwamba uliotukanwa. Robo ya njia, korosho tatu. Nusu ya njia, korosho sita. Pimbi akafumba macho, akaanza kukiaga kigari chake.

Basi Kiboko akakaribia kamba, akaisikia: to. To. To. Akawaza, nikipita sasa napata kumi na mbili tu. Kumi na mbili ni kitu gani? Hata jino halijui. Akaachia mafuta kidogo. To. Moja tu ya nyongeza, akawaza. Akagusa breki. To. Na moja ya njiani kurudi nyumbani. To. Gari likasimama kabisa, pua yake iko shibiri moja tu kabla ya kamba.

"Vuka, mzee!" wakapiga kelele jamaa zake.

"Ngojeni kwanza," akasema Kiboko. "Kobe, endelea, usione haya."

Kobe hana haraka. To. To. To. Wanyama wote wakahesabu kwa sauti, wengine wamelala chini kwa kicheko. Kapu likaisha, Kobe akalikung'uta mpaka chembe ya mwisho. Korosho arobaini na moja. Ndipo Kiboko akavuka, tabasamu limegusa masikio, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Nimeshinda?"

"Kwa korosho, mzee, hakuna wa kukufikia," akasema Pimbi, ameshafika penye kamba. "Kwa mbio, foleni inaanzia kule nyuma ya Kanga."

Kiboko akaitazama foleni. Akakitazama kibuyu. Akawaza sana, maana alikuwa akitafuna. Kisha akaenda, akasimama nyuma ya Kanga, akauliza kwa sauti ya chini, "Jumamosi ijayo nani analeta kapu?"

Basi ndizi za mlangoni zikaisha siku hiyo, na Pimbi akalala ndani ya kigari chake, hakina milango, hakina kiti cha nyuma, na wala hakina jani hata moja.

Mlikuwa na masikio, nimeyajaza. Nilikuwa na hadithi, nimeikatisha kamba. Na funzo lake, wanangu, mlishike vizuri, maana wakubwa hulisema kila siku: haraka haraka haina baraka. Mwangalieni Pimbi, alikimbia akapata korosho kumi na tatu, tena hakula hata moja. Kiboko alikwenda polepole, akapata baraka arobaini na moja. Bado anazitafuna, pale kwenye foleni.